Dada yangu barua ya kupima titi haikumfikia, kansa tukaikuta wenyewe. Mwenye dalili asisubiri barua

MamaZahra

Wanajamvi, salaam. Naandika kwa ruhusa ya dada yangu, na kila ninachoweka hapa amekisoma kwanza.

Sisi ni watu wa Tanga, tunaishi Uingereza, mimi Leicester yeye Coventry. Mwaka jana aligundulika na kansa ya titi akiwa na miaka 56. Tangu habari zitoke, kila anayepiga simu ya pole anamalizia na swali lile lile: "Kwani ulikuwa huendi kupima?" Wengine wanauliza kwa huruma, wengine kwa kulaumu, lakini kwa mtu aliyelala na dripu mkononi yote yanaingia sawasawa. Nataka nilijibu mara moja, halafu tuzungumze ya maana.

England mwanamke huitwa kupigwa picha ya titi (mamografia) kuanzia miaka 50 mpaka anapotimiza 71, kila baada ya miaka 3. Barua ya kwanza haiji siku unapotimiza 50. Inaweza kuja wakati wowote kabla hujafika 53, kwa sababu wanaita kwa zamu, kituo cha GP (daktari wa familia) kimoja baada ya kingine. Zamu ya dada ilikuwa 2020. Machi ya mwaka huo korona ikasimamisha huduma kwa miezi kadhaa, foleni ikajaa. 2021 akahama kutoka London kufuata kazi. Barua hufuata anuani iliyo kwenye faili la GP, na faili lake lilikuwa bado London. Tumekuja kujua baadaye kwamba barua iliandikwa kweli, ikaenda kwenye nyumba wanayokaa watu wengine. Alipojiandikisha kwa GP mpya, zamu ya kituo kile ilikuwa imeshapita.

Na wala si yeye wa kwanza. Mei 2018 waziri wa afya wa hapa, Jeremy Hunt, alisimama bungeni akasema wanawake wapatao 450,000 wa England wa miaka 68 mpaka 71 hawakuitwa kwa mara yao ya mwisho, kasoro iliyoanzia 2009. Tume huru ilipochunguza ikakuta idadi ni ndogo kuliko hiyo kwa mbali, lakini ilithibitisha kuwa mfumo unaweza kumruka mtu. Kwa hiyo naomba lile swali tuliache.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nifungue uzi.

Dada aliiona mwenyewe. Alikuwa anajipaka mafuta baada ya kuoga, akainua mkono wa kushoto kufikia kwapa, akaona kwenye kioo ngozi ya chini ya titi imeingia ndani, kishimo kidogo kama ncha ya kidole. Akishusha mkono kinapotea, akiinua kinarudi. Maumivu hakuna. Uvimbe wenyewe hakuupata mpaka alipolala chali na kubonyeza taratibu, akakuta kitu kigumu, hakitelezi chini ya vidole.

Akamweleza mwenzake wa kazini. Yule mama, kwa nia njema kabisa, akamwambia: "Wewe una zaidi ya hamsini, piga simu uulize barua yako ya mamografia itakuja lini, utapimwa tu."

Hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. Ile barua ni ya mtu asiye na dalili yoyote. Mwenye dalili njia yake ni nyingine na ni ya haraka zaidi: anakwenda kwa GP wiki hiyo hiyo, anasema neno "uvimbe kwenye titi" pale pale mapokezi wakati anaomba nafasi, na GP anamwandikia rufaa ya dharura. Utaratibu wa England tangu Oktoba 2023 ni kwamba mtu wa rufaa hiyo aambiwe ana kansa au hana ndani ya siku 28, na kama anayo, matibabu yaanze ndani ya siku 62 tangu rufaa. Si kila hospitali inazifikia siku hizo, lakini ukizijua unakuwa na cha kuulizia.

Dalili zenyewe: uvimbe kwenye titi au kwapani, ngozi kuingia ndani au kuwa na vitundu kama ganda la chungwa, chuchu iliyokuwa nje kurudi ndani, majimaji au damu kutoka kwenye chuchu, upele wa chuchu usiopona, titi moja kubadilika umbo au kuwa jekundu na moto. Uvimbe mwingi si kansa. Anayejua ni kipimo, si shangazi.

Kliniki ya matiti mambo yalifanyika siku moja. Daktari akampapasa, akapigwa mamografia, akafanyiwa ultrasaundi ya titi na kwapa, halafu wakachukua vinyama kwa sindano. Kabla ya sindano wanatia ganzi. Kinachoshtua ni mlio, ule mkwaruzo wa ghafla wa chombo kinapofyatuka, kwa hiyo mwambieni mgonjwa mapema asiruke. Mwisho wakamwachia ndani ya uvimbe kipande kidogo sana cha chuma. Nilimuuliza nesi kwa nini. Akasema kama dawa zitaanza kabla ya upasuaji, uvimbe unaweza kunywea mpaka usionekane, na daktari atahitaji alama ya kujua palikuwa wapi.

Majibu: sentimita 2.6, na tezi moja ya kwapani ina kansa. Vipokezi vya homoni vipo, na HER2 (protini inayoichochea kansa ikue) ipo. Haya majina yaandikeni kwenye daftari, kwa sababu ndiyo yanayoamua dawa. Watu wawili wote wana "kansa ya titi" na matibabu yao hayafanani hata kidogo, ndiyo maana kumwambia mgonjwa "fulani alikunywa dawa hii akapona" hakumsaidii.

Kwake walianza na kemo, dawa za kuua chembe za kansa. Ile ya kwanza ni nyekundu, inasukumwa taratibu na nesi kwa bomba kubwa la sindano. Mkojo wa siku hiyo unatoka mwekundu. Ni rangi ya dawa, si damu. Nywele zilitoka wiki ya tatu. Dawa iliyofuata ilimtia ganzi vidoleni, vifungo vya blauzi akawa anafungiwa na mwanawe. Pamoja nayo akaanza trastuzumabu, dawa inayolenga ile HER2, kila wiki 3 hadi utimie mwaka, na moyo wake unapimwa mara kwa mara kwa sababu dawa hiyo inaweza kuuchosha. Ikafuata operesheni. Walitoa sehemu tu ya titi pamoja na tezi za kwapani, akarudi nyumbani na kichupa cha kukusanyia majimaji kinaning'inia ubavuni. Mama alimshonea kimkoba cha kanga cha kukitia, akakivaa begani mpaka walipokitoa. Mionzi siku 15, Jumatatu mpaka Ijumaa. Sasa anameza letrozoli, dawa ya homoni, kidonge kimoja kila siku kwa miaka, na trastuzumabu inaendelea.

Jambo moja msilisahau nyinyi mnaouguza: mgonjwa wa kemo akifika joto la 38, hata kama anasema yuko sawa, hata kama ni saa nane usiku, unapiga ile namba ya dharura waliyokupa. Si panadoli na kulala. Kemo inashusha chembe nyeupe za damu, na maambukizi madogo yanaweza kumuua mtu kwa saa chache. Kipimajoto kikae kando ya kitanda.

Na kwa walioko huku: ukiwa na viza ya kazi, matibabu haya ni haki yako, tozo ya afya umeshalipia. Wenye viza ya kazi za afya na uhudumu hata hiyo tozo hawalipi na haki wanayo vilevile. Mkalimani wa Kiswahili ni bure ukiomba mapema. Usimfanye mtoto wa shule amtafsirie mama yake majibu ya kansa. Kuna cheti cha kusamehewa malipo ya dawa kwa wagonjwa wa kansa. Na kwa sheria ya usawa ya 2010, kansa inahesabiwa ulemavu tangu siku ya kugundulika, kwa hiyo mwajiri anapaswa kukurekebishia kazi. Nawajua dada zetu wa kazi za kulea wazee wanaficha ugonjwa wakiogopa kukatiwa zamu. Msifiche.

Karibuni kwa maswali.

---

ShostiWaTemeke

Pole sana dada, mpe mgonjwa salamu zetu, Mungu amfanyie wepesi.

Mimi nipo Dar. Nimesoma habari ya barua nikawaza, sisi huku barua yenyewe hakuna wa kuituma. Mtu anakwenda mwenyewe, au anabahatika Oktoba, mwezi wa kansa ya titi, wakija na mahema ya kupima. Tatizo ninaloliona mtaani kwetu, hata akikuta kitu hajui pa kuanzia. Anazunguka maduka ya dawa, anapewa antibayotiki, miezi inapita.

---

NesiMstaafu

ShostiWaTemeke umegusa penyewe. Nimefanya kazi wodini miaka mingi na ninakwambia, wengi wa wanaochelewa walijua. Walikuwa na uvimbe, wakauficha ndani ya sidiria mpaka ukatoboka, kwa sababu waliamini wakifika hospitali watakatwa titi na mume ataondoka.

Kwa Dar, Ocean Road, hospitali ya kansa, wana kliniki ya uchunguzi, wanapima matiti na mlango wa kizazi. Huhitaji kuwa mgonjwa kwenda pale. Kanda ya Ziwa kuna Bugando, Kaskazini kuna KCMC. Mwenye uvimbe aanze hospitali yoyote ya wilaya au ya mkoa aombe rufaa, na asikubali kuondoka na vidonge tu bila mkono wa daktari kugusa titi. Kupapaswa na mtu aliyefunzwa ni kipimo halali. Katika nchi isiyo na mashine za kutosha, hicho ndicho kinachookoa watu, kikifuatiwa na ultrasaundi na kipimo cha kinyama.

Niongeze la umri. Wanawake wetu wengi wanapata wakiwa hawajafika 50. Kwa hao hata barua ya Uingereza isingewafikia. Na kwa msichana titi lina nyama iliyobanana, kwenye mamografia linatoka jeupe na kansa nayo inatoka nyeupe, kwa hiyo picha inaweza kuficha. Ultrasaundi inasaidia zaidi. Binti wa miaka 32 mwenye uvimbe asiambiwe "wewe bado mdogo".

---

Mvita_001

Hilo la "bado mdogo" mimi limenipata. Mke wangu alikuwa ananyonyesha mtoto wetu wa pili, ana miaka 34. Akaona titi la kulia limekuwa gumu upande. Kituo tulichokwenda wakatwambia ni maziwa yameganda, akande kwa maji moto. Tukakanda. Tukarudi, wakatupa antibayotiki. Tulirudi tena na tena. Ilipofika hospitali kubwa ikawa hatua ya tatu, ile aina isiyo na kipokezi hata kimoja kati ya vitatu, yaani viwili vya homoni na HER2.

Sina ugomvi na kukanda, maana maziwa kuganda kupo. Lakini uvimbe wa mama anayenyonyesha usipoisha kwa wiki mbili, basi apigwe ultrasaundi. Haimdhuru yeye wala mtoto.

Tumshukuru Mola, kemo amemaliza, titi limetolewa lote, na mionzi amepatiwa hapa hapa Mombasa, hospitali ya Coast General. Zamani ilikuwa lazima Nairobi, na Nairobi ni nauli, ni mahali pa kulala, ni mtoto kuachwa kwa jirani. Bima tulianza na NHIF, ile ya serikali ya Kenya, katikati ya matibabu ikaja SHA kuchukua nafasi yake, tukasimama foleni upya kujisajili huku siku ya dripu imefika. Mwenye mgonjwa ahakikishe usajili umekamilika kabla ya tarehe, asingoje kaunta.

Ndugu zangu wanaume, ingieni na wake zenu chumba cha daktari. Mimi niliingia, nikasikia mwenyewe, na maneno ya watu nje yakanipita tu.

---

MtazamoHuru

Poleni wote. Naomba niseme jambo bila kuonekana mkorofi. Mnaiongelea mamografia kama kinga. Si kinga. Na ina hasara zake: inaokota vikansa ambavyo visingemdhuru mtu maisha yake yote, anakatwa na kuchomwa mionzi bure. Uingereza wenyewe walikiri, tume ya Michael Marmot ya 2012 ilisema kwa kila mmoja anayeokolewa asife, watatu hivi wanatibiwa kansa isiyowahatarisha. Sasa kumiss barua ni msiba gani?

---

MamaZahra

@MtazamoHuru kaka, umeileta vizuri na takwimu ni hiyo hiyo. Tume hiyo hiyo ilikadiria pia kwamba mpango unaepusha vifo kama 1,300 kila mwaka Uingereza, na ikapendekeza uendelee. Maelezo haya yanaambatana na barua ya mwaliko, mtu asome aamue, na anayesema sitaki ana haki yake. Katika wanawake 100 wanaopigwa picha, kama 4 huitwa tena kwa vipimo zaidi, na mmoja tu katika hao ndiye hukutwa na kansa. Wale wengine wamepata hofu ya siku kadhaa na hofu hiyo si ndogo.

Lakini angalia, hoja yako ni ya mtu asiye na dalili. Dada yangu alikuwa na kishimo kwenye ngozi na tezi ya kwapani imeshashika. Hapo hakuna cha kansa isiyodhuru. Ninachoogopa ni mtu mwenye uvimbe kuisoma hoja yako akasema "kumbe vipimo vina madhara" akakaa nyumbani.

---

MtazamoHuru

Nimekuelewa. Mwenye dalili aende, hapo sibishi.

---

KijanaWaMakete

Mbona hamzungumzii stafeli? Majani yake yanachemshwa, bibi yetu alikunywa uvimbe ukaisha. Hospitali ni biashara.

---

NesiMstaafu

Mwanangu, bibi alichukuliwa kinyama cha uvimbe kikapimwa? Uvimbe mwingi wa titi si kansa, na mwingine ni maji tu, unaisha wenyewe. Kama hakupimwa hatujui aliponywa nini.

Nimewaona waliokuja baada ya mwaka wa kunywa majani. Walikuja na titi limeoza, harufu mpaka wenzao wodini wanahama kitanda. Wengine wangekuwa hai leo. Na aliye kwenye kemo asichanganye na mizizi kimya kimya, maana ini ndilo linalosafisha dawa hizo na mitishamba mingine inalichosha. Mgonjwa akitaka kunywa kitu amwambie daktari wake wazi, hatagombezwa. Kula ale vizuri: uji, samaki, maharage, mayai yaliyoiva, matunda yaliyooshwa.

---

Mgeni_Songea

Samahani, mwanaume anaweza kupata? Baba yangu mdogo ana kigumu nyuma ya chuchu.

---

NesiMstaafu

Anaweza. Ni wachache, kama mmoja katika kila wagonjwa 100, na kwa sababu hawategemei huchelewa sana. Mpeleke wiki hii. Mwambie daktari pia kama kuna mama, dada au bibi katika ukoo aliyewahi kuugua, maana kuna kansa zinazofuata damu.

---

ShostiWaTemeke

MamaZahra, na wewe je? Dada yako wa tumbo moja ameugua, wewe umeshapima?

---

MamaZahra

Asante kwa kuniulizia shosti. Nina 47, barua bado. Nilikwenda kwa GP nikamweleza historia ya familia: dada, na mama mdogo aliyefariki Tanga akiwa kwenye arobaini na kitu. Wameniandikia kliniki ya ukoo. Huku wakiona hatari yako imezidi ya kawaida wanaweza kukupiga picha kila mwaka kuanzia miaka 40, bila kungoja 50. Tarehe ninayo, mrejesho nitauleta.

Mlioko Kenya, miongozo ya nchi yenu ya 2018 inataja mamografia kuanzia miaka 40 hata bila historia ya ukoo. Ulizeni bima zenu.

---

BiMkubwaReading

Mwanangu, mimi nina miaka 73, nipo Reading kwa binti yangu, nimejiandikisha kwa GP. Mara ya mwisho kupigwa picha nilikuwa na 66, ile iliyofuata haikuja, nikasema ndiyo basi, nimezeeka hawanitaki tena. Sina uvimbe wala kidonda. Nimeshachelewa?

---

MamaZahra

Shikamoo bibi. Hujachelewa. Baada ya 71 barua zinaacha kuja zenyewe, lakini haki haijaisha: unaruhusiwa kuomba mwenyewe, kila baada ya miaka 3. Mwambie binti yako apigie simu kituo cha uchunguzi wa matiti cha eneo lenu, si GP. Namba ataipata kwenye tovuti ya NHS, huduma ya afya ya serikali. Aseme una zaidi ya 71 na unaomba kupimwa. Wakiuliza anuani, asome iliyo kwenye faili la GP na ahakikishe ndiyo hiyo mnayokaa sasa. Siku yenyewe vaa blauzi na sketi, usivae gauni, utavua juu tu. Usipake pauda wala kiondoa harufu kwapani, vinaweza kuonekana kwenye picha. Titi linabanwa kati ya sahani mbili kwa sekunde chache, linauma kidogo, mara mbili kila upande. Majibu huja kwa barua, kwa kawaida ndani ya wiki mbili.

Ukiona mabadiliko yoyote kabla ya siku hiyo, basi nenda kwa GP moja kwa moja.

---

BiMkubwaReading

Marahaba mama. Binti yangu anarudi kazini saa kumi na moja, kituo kitakuwa kimefunga. Kesho asubuhi atapiga kabla hajatoka.